SGR ikija Mwanza, tusiletewe treni ya kasi yenye intaneti ya kobe

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, aliyenangwa na mashabiki wake kisa aliahidi kuingia laivu akiwa safarini kwenye treni, halafu hakutokea. Maneno yakaanza: kiki hizo, kazima simu makusudi, kuna mtu kakaa naye siti ya pembeni. Alipojitetea kwamba mtandao ulikata njiani, watu wakazidi kucheka.

Mimi namwamini. Na sisi wa Rock City tungekuwa wa kwanza kumwamini, maana yaliyomkuta yanaweza kutukuta sisi kila wiki.

Tangu 2024 SGR inabeba abiria kati ya Dar, Morogoro na Dodoma, kwa umeme na kwa spidi ya hadi kilometa 160 kwa saa. Kipande chetu cha Mwanza hadi Isaka, kilometa 341, kiliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Vijiwe vyote stori ni nauli na masaa ya kufika Dar. Swali ambalo silisikii kabisa ni hili: ukiwa ndani ya behewa, simu itashika?

Tuelewane kwanza kwa nini inagoma. Treni ikiwa kwenye kilometa 160 kwa saa, inakata kama mita 44 kila sekunde. Simu yako inaaga mnara mmoja na kuomba hodi kwa mwingine kila mara. Na haupo peke yako, simu za abiria wote zinahama kwa mkupuo, mnara mmoja wa kijijini unavamiwa ghafla. Ongeza bati la behewa na vioo vya kuzuia joto, ambavyo vinapunguza mawimbi kabla hayajakufikia. Halafu minara yenyewe imefuata watu na barabara. Kule Malya na Malampaka kwenye mashamba ya pamba, anayejenga mnara anahesabu wateja wa pale kijijini, hahesabu treni inayopita dakika mbili na kupotea.

Najua kuna watakaosema, "Treni yenyewe bado, wewe unataka WiFi?" Ndiyo, na sasa hivi ndiyo muda wake. Kuweka nyaya na antena kwenye behewa jipya ni rahisi kuliko kulibomoa baadaye wakati abiria tayari wanalalamika.

Wengine watasema safari ni ya kupumzika, angalia mandhari. Sawa, kwa mwenye mshahara. Ila Mwanza hii imejaa watu ambao duka lao ni simu. Mdada anayechukua dagaa Mwaloni pale Kirumba na kuwauzia watu wa mikoani kwa WhatsApp, mteja akiuliza bei anataka jibu sasa hivi. Akikaa kimya nusu saa, pesa imeenda kwa mwingine. Kuna MC anayepanga shughuli ya Jumamosi, kuna anayeedit video za wasanii, kuna mwanafunzi anayewahi dedilaini ya chuo. Hao wote wakiona treni inawazimia simu, watarudi kwenye basi, maana basi linafuata barabara kuu na minara iko huko. Treni itapoteza abiria ambao ingewapata kirahisi.

Na dawa inajulikana. Antena inakaa juu ya paa la behewa, inadaka mawimbi ya mitandao tofauti kwa pamoja, kisha kifaa cha ndani kinawagawia abiria. Nchi nyingi za Ulaya zinafanya hivyo kwa miaka sasa. Lakini antena haiwezi kudaka kitu ambacho hakipo, kwa hiyo minara nayo ielekezwe kwenye reli. SGR tayari ina umeme njia nzima na mawasiliano ya redio ya kuongozea treni. Kampuni za simu zikikaribishwa kugawana nguzo na umeme huo, gharama inapungua. Pale biashara isipolipa, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 ya vijijini kwa ruzuku. Kama kijiji kinastahili kuchangiwa, njia ya treni inayobeba maelfu ya watu nayo inastahili.

Sihitaji cha bure. Nitozeni kabando ka safari, nitalipa bila povu. Nisichotaka ni stika ya WiFi dirishani huku kiduara kinazunguka kutoka Isaka hadi Fela. Stika siyo intaneti.

Kwa sasa, ukipanda treni beba laini mbili za mitandao tofauti, shusha muvi na miziki ukiwa bado nyumbani, kaa karibu na dirisha, na vitu vizito vitume treni ikisimama stesheni kubwa kama Shinyanga au Tabora. Wateja wako waambie mapema kwamba upo njiani.

Ila hizo ni mbinu za kuvumilia tu. Wakubwa wakija huku kukagua reli, kati ya maswali ya fidia na ajira, mmoja wetu anyanyuke aulize na hili la mtandao, kabla utepe haujakatwa.

Haya wadau, ukipita Malampaka ni laini gani inashika? Tiririka hapo chini.