Ndege wa Vuli na Manati Zetu



Naomba nafasi katika jarida letu niseme juu ya jambo ambalo wengi hapa shuleni huliona dogo, nalo ni manati. Kila mwaka zianzapo mvua za vuli, ndege wageni hushuka katika mashamba yaliyo kati ya shule yetu na Ziwa Babati, na kila mwaka baadhi yetu huwapokea kwa mawe. Rai yangu ni kwamba desturi hiyo ife. Tena naamini haitakufa kwa fimbo, bali kwa matembezi.

Novemba mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa biolojia alituchukua wanafunzi 18 kwenda kuangalia ndege siku ya Jumamosi. Tulikuwa na darubini moja tu, na jicho lake moja lina ukungu, basi tukawa tunapokezana na kugombana kidogo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wake, na kumbikumbi walikuwa wakitoka ardhini kama moshi. Juu yao walizunguka kozi wadogo wa rangi ya kijivu, wenye miguu myekundu, wakiwadaka kwa kucha na kuwala hewani bila kutua. Mwalimu alisema hao wametoka Siberia ya mashariki na kaskazini ya China, kwenye nchi za mto Amur, na jina lao ni la mto huo. Mwenzetu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha. Lakini ndivyo ilivyo. Ndege huyu hafikii hata robo kilo, naye hupita India, kisha huvuka bahari zaidi ya kilomita 3,000 pasipo mahali pa kupumzika, ndipo aione Afrika.

Mbele kidogo, katika shamba la mzee mmoja alimaye mahindi na mbaazi, tuliwakuta korongo weupe. Tulihesabu 63. Walikuwa wakitembea polepole katika majani mafupi kama wasimamizi wa mtihani, wakiinama na kuokota. Tulimwamkia mzee, akaitika, tukamwuliza kama hawamharibii shamba. Akasema, "Wajukuu zangu, hawa hawali mbaazi zangu. Wanawala wale wanaozila." Kweli tulipotazama kwa darubini tuliona panzi na viwavi wakipotea mmoja mmoja katika midomo ile mirefu myekundu. Wakulima wa huku wajua maana ya viwavijeshi. Shamba la kijani jioni laweza kuonekana limenyolewa baada ya siku chache. Korongo hufuata makundi ya viwavi hao, wala hadai ujira.

Yafaa mjue jinsi asafirivyo. Korongo ni mzito, kilo tatu au nne, na hawezi kupiga mabawa safari nzima. Hungoja jua liipashe ardhi moto. Hewa ya moto ikipanda, naye hupanda nayo akizunguka, kisha huteleza angani mpaka aikute nyingine. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba, kwa hiyo korongo wa Ulaya ya mashariki huizunguka bahari kwa nchi kavu, wakapita Istanbul, Sinai na bonde la Mto Nili. Basi bawa lake likiumia, safari imekwisha.

Jumatatu iliyofuata, jiwe la manati lilimpata mmoja wa korongo wale. Nilikwenda kumwona. Saa nne asubuhi, jua lilipokuwa kali, wenzake walianza kuzunguka wakipanda, mpaka wakawa vidoto, wakaelekea kusini. Yeye alikimbia chini yao akiburuta bawa, akasimama, akatazama juu. Alikaa pale siku tatu. Siku ya nne palikuwa na manyoya na nyayo za mbwa. Mvulana aliyempiga alichapwa, kama ilivyostahili kwa sheria za shule, na Jumamosi yake nilimwona akikata mpira wa baiskeli apate manati mpya. Ndiyo maana nasema fimbo haitoshi.

Watu wa zamani huko Ulaya hawakujua ndege hawa huenda wapi majira ya baridi. Wako waliosema hulala chini ya maji, na yuko aliyeandika kuwa huenda mwezini. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz huko Ujerumani, alionekana korongo mwenye mshale mrefu uliompenya shingoni, naye bado aliruka. Mti wa mshale ulitambulikana kuwa wa Afrika. Korongo yule yupo mpaka leo, amekaushwa na kuwekwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Basi Ulaya ilipata ushahidi wa safari ya korongo kwa sababu mmoja wetu alimtupia silaha! Habari hiyo hunichekesha, kisha hunisikitisha.

Wako wasemao kwamba kwelea kwelea wakishuka katika mtama hakuna awaitaye wageni, na serikali yenyewe huwanyunyizia dawa kwa eropleni. Ni kweli, wala simtetei kwelea. Lakini kwelea hula nafaka, na manati haijapata kulipunguza kundi lake. Wengine husema maharage yamewachosha. Hata mimi yamenichosha. Ila mbayuwayu ana gramu 20 hivi pamoja na mifupa na manyoya. Akishanyonyolewa, watu watatu watagawana nini?

Na wako wasemao kuwa watu hawabadiliki. Hao nawapa habari ya Nagaland, huko India, ambako kozi wale wa Amur hutua kwa wingi kabla ya kuvuka bahari. Mwaka 2012 ilijulikana kuwa wanakijiji huwanasa kwa nyavu na kuwauza maelfu kwa maelfu. Wazee wa vijiji, makanisa na serikali walikaa wakazungumza, watoto wakafundishwa habari za ndege hao, na mwaka 2013 nyavu hazikutegwa. Wavuvi waliokuwa wakiwanasa wakawa walinzi wao. Kama watu waliopata fedha kwa kozi waliweza kuacha, sisi tusiopata hata kitoweo twashindwaje?

Kwa hiyo namwomba Mkuu wa Shule matembezi haya yaingizwe katika ratiba ya kidato cha kwanza na cha pili kila Jumamosi ya Novemba. Wale wajulikanao kwa manati watangulie, na wao ndio wapewe darubini, kwa maana hakuna hapa wenye macho makali kuwapita. Wazazi wetu, kama yuko mwenye darubini ya zamani isiyotumika nyumbani, aikumbuke shule.

Mimi Novemba hii nitakuwa katika chumba cha mtihani. Daftari la hesabu ya ndege nimeliacha katika kabati la maabara, rafu ya chini. Ukurasa wa mwaka jana umejaa. Wa mwaka huu nimeupigia mistari tu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne