Jina la Martin nalo lilikuwa la mgeni

Ukitaka kumtaja Mfaransa wa kawaida, yule asiye na cheo wala mali ya kutajwa, mwite Martin. Hutakosea sana. Katika majina ya ukoo nchini Ufaransa, Martin ndilo linaloongoza. Kumbukumbu za INSEE, taasisi ya takwimu ya nchi hiyo, kuhusu watu waliozaliwa huko kati ya 1891 na 1990 zinaonyesha kuwa wenye jina hilo ni zaidi ya 200,000. Bernard, lililoshika nafasi ya pili, limeachwa mbali.

Wafaransa wenyewe hulifanyia utani. Wana methali isemayo kuwa gulioni kuna punda zaidi ya mmoja aitwaye Martin, maana yake usidhani umempata mtu wako kwa sababu tu majina yamefanana.

Basi nauliza: jina hili ambalo Wafaransa wanaliona ni lao kuliko yote, lilitoka wapi?

Siulizi kwa udadisi mtupu. Nchini Ufaransa jina la mtu limekuwa kesi. Mwaka 2018, wakati wa kurekodi kipindi cha televisheni, mwandishi Éric Zemmour alimwambia mtangazaji Hapsatou Sy, mzaliwa wa Ufaransa mwenye asili ya Afrika Magharibi, kwamba jina lake ni tusi kwa Ufaransa, na kwamba mama yake angemwita Corinne. Miaka michache baadaye Zemmour huyo aliwania urais, na katika kampeni zake alitaka irudishwe sheria ya 1803 iliyowabana wazazi wachague majina ya watoto katika kalenda ya watakatifu na historia ya kale. Ufaransa ilikuwa imeachana na masharti hayo tangu 1993.

Sasa tumfuate huyo Martin.

Jina lilianza kwa Warumi. Walikuwa na mungu wa vita aitwaye Mars, ambaye ndiye aliyeupa jina mwezi wa Machi. Kutokana naye wakapata jina Martinus, yaani mtu wa Mars. Katika karne ya 4, askari mmoja wa dola ya Kirumi alimpa mwanawe jina hilo. Mtoto huyo hakuzaliwa Ufaransa. Alizaliwa Savaria, mji ambao leo unaitwa Szombathely na uko Hungaria, akalelewa Italia. Naye akawa askari, na jeshi ndilo lililomfikisha katika nchi ambayo leo ni Ufaransa.

Wakristo wengi wanaijua hadithi yake. Siku ya baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens, alimkuta maskini asiye na nguo ya kujisitiri. Akachomoa upanga, akalikata joho lake vipande viwili na kumpa maskini kimoja. Baadaye aliacha jeshi, akawa mtawa, na mwaka 371 watu wa mji wa Tours wakamfanya askofu wao. Alifariki mwaka 397.

Mgeni huyo ndiye aliyeipa Ufaransa jina lake kubwa. Wafalme wa Wafaranki walilitunza joho lake kama kitu kitakatifu. Kwa Kilatini joho ni cappa, na kutokana na lile joho la Martin ndipo lilipotoka neno la Kifaransa chapelle, yaani kikanisa. Makanisa yakajengwa kwa jina lake kila upande, na hata leo miji na vijiji zaidi ya 200 vya Ufaransa vinaitwa Saint-Martin. Wazazi nao wakawaita watoto wao Martin, kizazi baada ya kizazi.

Ikumbukwe kuwa siku hizo Wafaransa hawakuwa na majina ya ukoo. Kila mtu alikuwa na jina lake moja. Kuanzia karne ya 11 hivi, watu walipoongezeka na akina Martin kujaa kila kijiji, ilibidi kuwatofautisha. Huyu akaitwa kwa kazi yake, yule kwa umbo lake, mwingine kwa jina la baba yake. Polepole majina hayo yakaanza kurithiwa. Mwaka 1539 mfalme François I aliamuru mapadri waandike ubatizo katika vitabu, na mwaka 1794 serikali ya mapinduzi ikapiga marufuku mtu kutumia jina lisilo katika cheti chake cha kuzaliwa. Hivyo jina la ukoo, ambalo leo wengine wanaliona kama mfupa wa taifa, ni utaratibu uliokuja baadaye.

Na Martin hayuko peke yake. Bernard, Robert na Richard yaliletwa na Wafaranki, watu wa Kijerumani waliovuka mto Rhine, ambao ndio walioipa nchi jina la Ufaransa. Thomas ni neno la Kiaramu lenye maana ya pacha. Moreau, jina jingine lililoenea sana, alipewa mtu mweusi wa sura au wa nywele aliyefananishwa na Wamoro wa Afrika Kaskazini. Mhunzi wa kaskazini ni Lefebvre, wa kusini ni Fabre, wa Bretagne ni Le Goff, wa Alsace ni Schmitt. Kazi ni ile ile, lugha ni nne, na wote ni Wafaransa. Hata hilo Corinne asili yake ni Kigiriki. Na Zemmour? Kwa Kiberberi, lugha ya Afrika Kaskazini, neno hilo ni mzeituni.

Atatokea wa kusema kuwa hayo yalichukua karne nyingi, na wageni wa leo wana haraka. Ni kweli, muda ulifanya kazi yake. Lakini hebu tuangalie ulifanya kazi gani. Martin hakubadili jina ndipo apendwe. Watu walimpenda kwa aliyoyatenda, na jina likapendwa pamoja naye. Wanaodai jina kwanza ndipo wamkubali mtu wanaanzia mwisho wa habari.

Tangu 1972 sheria ya Ufaransa inamruhusu anayepewa uraia kulifanya jina lake kuwa la Kifaransa. Simlaumu anayefanya hivyo, kwani mzazi hutazama tumbo la mtoto. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 na idara ya utafiti ya wizara ya kazi ya nchi hiyo ulionyesha kuwa kwa sifa zile zile, mwombaji mwenye jina la Kiarabu alikuwa na nafasi pungufu kwa karibu theluthi moja ya kujibiwa na mwajiri kuliko mwenye jina la Kifaransa. Mtu anapobadili jina kwa kuwa amelipenda, huo ni uhuru. Anapolibadili ili barua yake isomwe, hapo kuna dhuluma.

Sisi wa Burundi jambo hili linatugusa. Kwetu, kama kwa jirani zetu wa Rwanda, desturi ni kila mtoto apewe jina lake mwenyewe. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu tofauti, na baba yao la nne. Afisa wa ugenini akiona karatasi zao huuliza kama kweli ni watoto wa huyu mzee. Anasahau kuwa babu wa babu zake naye alikuwa Martin tu, bila jina la ukoo.

Na sisi tuliwapokea akina Martin, Bernard na Robert katika ubatizo. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, ambaye mabinti wengi wa parokia zetu wanaitwa kwa jina lake, alizaliwa Alençon mwaka 1873, na jina lake la ukoo lilikuwa hilo hilo Martin. Wengi wetu hatuoni kwamba majina hayo yanaitukana Burundi. Tumeyachanganya na yetu, na watoto wanaitika.

Vijana wetu walioko Paris, Lyon au Lille wasione aibu wanapoandika Ndayishimiye kwenye fomu, hata herufi zikizidi visanduku. Na Wafaransa wanaoyahesabu majina hayo kuwa tusi, wamuulize kwanza jirani yao Martin alitoka wapi.