Barua ya wazi kwa RTO, mkuu wetu wa usalama barabarani mkoani: majeruhi wako mmoja tulishamzika

Afande,

YAH: KUPUNGUA KWA VIFO VYA BARABARANI MKOANI KWETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakupongeza kwa taarifa yako ya mwisho wa mwaka, niliyoisikiliza redioni mwanzo hadi mwisho. Ulisema vifo vimepungua ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Ulisema majeruhi wameongezeka kidogo, ukawatupia lawama bodaboda wasiovaa kofia. Uliwashukuru wadau wa usalama barabarani, ambao sijawahi kusikia taarifa ya polisi isiyowashukuru, kisha ukawaasa waenda kwa miguu wavuke kwenye vivuko vilivyowekwa.

Mmoja wa hao majeruhi walioongezeka ni mdogo wangu. Tulimzika mwezi Aprili.

Ajali yenyewe sitakusimulia sana. Mchoro unao, maelezo ya mashahidi unayo. Kivuko cha sokoni unakijua vizuri. Lami ilipowekwa upya, matuta yaling'olewa na zebra ikafunikwa. Tukaambiwa alama zitachorwa lami ikishakauka. Lami imekauka, imepauka, na sasa imeanza kufanya mashimo. Mdogo wangu alikuwa anavuka mahali ambapo watu wa mji huu wamevukia tangu soko lijengwe, lori la mizigo likaja na mwendo wa porini katikati ya watu wenye vikapu. Alipelekwa hospitali kwa bajaji. Ndugu wakatumwa kwanza kufuata fomu ya PF3 polisi, na hilo nalo lina barua yake siku nyingine.

Ninachokuandikia ni kilichofuata. Alilazwa, akafika wiki ya tatu, akafariki alfajiri kwa jeraha lile lile la kichwa alilolipata pale kivukoni. Cheti cha kifo kinasema hivyo, kwa mhuri na sahihi. Kitabu chenu kinasema majeruhi. Hakuna askari aliyerudi wodini kuuliza mgonjwa yule anaendeleaje, wala aliyepiga simu, na hata baada ya sisi kupeleka taarifa ya msiba kituoni kwa miguu yetu, kalamu haikusogea. Mlipofunga hesabu za mwaka, yeye alikuwa ameshakaa miezi kaburini, na kwenu bado ni mtu aliyeumia.

Nikuambie maana yake nyumbani kwetu. Dereva alipelekwa mahakamani mapema, mdogo wangu akiwa bado ICU, kwa kosa la kuendesha kwa uzembe na kusababisha majeraha. Alikiri, akalipa faini, akaondoka na risiti yake. Kwa hiyo kisheria hakuna mtu aliyemuua mdogo wangu. Wifi yangu alipokwenda kudai bima, akiwa na cheti cha ndoa, cheti cha kifo, kibali cha mazishi na watoto wawili mkononi, aliulizwa mbona taarifa ya polisi inazungumzia majeruhi. Akarudi kituoni. Kituoni wakamwambia faili limeshafungwa, labda hospitali ilete barua. Hospitali wakamwambia wao hutoa barua polisi wakiiomba. Polisi wakasema hawawezi kuomba barua kwa faili lililofungwa. Afande, nimefundisha hisabati kwa muda mrefu, na duara zuri kama hilo sijawahi kulichora ubaoni.

Lakini hata hayo ya bima yangenifanya nije ofisini kwako kimya kimya, nisiandike barua ya kusomwa na watu. Kilichoniandikisha ni matuta.

Baada ya arobaini nilikwenda kuuliza, kwa adabu zote, ni lini kivuko cha sokoni kitarudishiwa matuta na alama. Mhandisi mmoja wa barabara, ambaye alikuwa muungwana hata akaniagizia chai, alifungua orodha ya maeneo hatarishi ya mji wetu akaniambia kivuko hicho hakimo. Nikauliza orodha inatengenezwaje. Akasema inatokana na takwimu za vifo za polisi. Nikamwambia pale amekufa mtu. Akapitisha kidole kwenye karatasi, mstari kwa mstari, akanitazama, akasema: "Mwalimu, hapa sioni kifo."

Haoni kifo kwa sababu hukumhesabu. Kwa kuwa hukumhesabu, kivuko si hatari. Kwa kuwa si hatari, hakipati matuta. Na kwa kuwa hakina matuta, lori lijalo litapita pale kama lilivyopita la kwanza, na atakayegongwa akiwa na roho ngumu ya kufika hospitali, naye ataingia kwenye safu ya majeruhi, na mwakani utatangaza tena kwamba vifo vimepungua.

Wodini, kitanda cha jirani, alikuwapo kijana wa bodaboda aliyevunjika nyonga na kuumia ndani. Alitutangulia kuondoka, naye kwa jeneza. Nakuuliza tu: yeye yuko safu gani? Sijui kama familia yake ilijua hata kwamba kuna safu. Wahudumu wa pale wanaandika kila anayeingia na kila anayetoka, kwa namna yoyote anayotoka. Daftari lipo. Kutoka kituo chako hadi mochwari ni nauli moja ya daladala.

Nilipokuwa bado na hasira nilianza kutazama hesabu za nchi nzima, kwa sababu nilidhani tatizo ni la mkoa wetu peke yake. Chukua mwaka 2016. Jeshi la Polisi lilihesabu ajali 9,856 na vifo 3,256. Mwaka 2024 zilitangazwa ajali 1,735 na vifo 1,715. Kwa msomaji wa haraka huo ni ushindi mkubwa mno: ajali zimeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 katika miaka minane, wakati ambapo bodaboda na bajaji zimejaa hadi vichochoroni. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wa kidato cha pili kwamba jibu likiwa zuri kupita kiasi, rudi uangalie swali. Turudi basi. Mwaka 2016 palikuwa na ajali tatu kwa kila kifo kimoja. Mwaka 2024 ni kama ajali moja, kifo kimoja. Je, magari yetu yamekuwa makali kiasi kwamba kila yakigusana lazima mtu afe? Mimi nasimama barabarani kila asubuhi nikisubiri usafiri. Naona bodaboda zikianguka, watu wakikung'utwa vumbi, wakipelekwa zahanati, maisha yakiendelea. Ajali hizo ziko wapi? Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba ajali isiyoacha maiti pale pale barabarani siku hizi haina haja ya kuandikwa. Kama nimekosea, nisahihishe hadharani kama ulivyotangaza hadharani.

Kwa mwaka huo huo wa 2016, Shirika la Afya Duniani lilichukua vifo vyetu 3,256 tulivyoripoti, likakadiria kwamba waliokufa hasa ni 16,252. Karibu mara tano. Najua makadirio hubishaniwa, na wewe utasema hao wazungu wamekaa Geneva hawaijui Tanzania. Yakate nusu basi. Bado ni zaidi ya mara mbili ya tulichoandika. Shirika hilo hutumia kipimo cha siku 30: aliyegongwa leo akafariki ndani ya siku hizo, ni kifo cha barabarani. Mdogo wangu angeingia humo na nafasi ingebaki. Dunia ingemhesabu, mkoa wake ndio uliomkosa.

Wala usiniambie haiwezekani kufuatilia majeruhi hospitalini. Agosti 2019, lori la mafuta lilipowaka pale Msamvu, Morogoro, siku ya kwanza tulitangaziwa vifo sitini hivi. Majeruhi wakapelekwa Muhimbili, na kila walipofariki tuliambiwa, siku baada ya siku, mpaka hesabu ikavuka 100. Hakuna aliyesema faili limefungwa. Hakuna aliyesema hao wengine wabaki majeruhi. Kwa hiyo kuhesabu mnajua, Afande. Mnajua vizuri sana pale kamera zinapokuwapo na viongozi wamekuja kutoa pole. Mtu mmoja na lori moja, Jumanne mchana, hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu.

Mimi nami, nikitaka wastani wa darasa langu upande, ninayo njia ya mkato: nawafuta kwenye rejista wanafunzi waliofeli. Mkuu wa shule atafurahi, ofisi ya elimu itanipa cheti, na wazazi wa waliofutwa watajua wenyewe. Tofauti ni kwamba mimi nikifanya hivyo nitafukuzwa kazi.

Hapa ndipo nashindwa kukuandikia wewe peke yako. Kuanzia ngazi ya chini hadi ya juu, kila mtu katika nchi hii anataka kutangaza kwamba kitu fulani kimepungua. Kila mwaka tuna Wiki ya Nenda kwa Usalama, stika zinauzwa, fulana zinavaliwa, bendi inapiga, mgeni rasmi anakemea uzembe wa madereva, na anayekemewa ni dereva tu. Aliyeng'oa matuta hakemewi. Aliyeidhinisha malipo ya barabara isiyo na alama hakemewi. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi, lakini tochi yenu ya kupimia mwendo naikuta kule mteremkoni nje ya mji, ambako faini ya 30,000 inapatikana kwa wepesi, na wala sijawahi kuiona sokoni ambako watu wanavuka. Mabasi ya shule yaliyochoka yanapita mbele yenu. Malori yanalala barabarani bila taa wala kibao cha tahadhari. Na kila anayeuliza anaambiwa takwimu zinashuka.

Dawa yenyewe si siri wala haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend lilizungushia shule za msingi njia za miguu, matuta, vivuko na mabango kupitia mradi wake wa SARSAI, na mwaka 2019 mradi huo ukapewa tuzo ya kimataifa. Vitu vya saruji, rangi na koleo. Lakini walianza kwa kwenda shuleni kuuliza ni watoto gani walioumia na wapi, hawakungoja kitabu cha polisi kiwaambie.

Ninayoyataka ni haya, na nimeyaandika kwa namna ambayo hata faili lililofungwa linaweza kuyapokea. Mdogo wangu aandikwe kuwa amekufa. Andika kwa mkono wako au mwagize mtu, lakini aandikwe, na wifi yangu apewe taarifa iliyosahihishwa bila kuambiwa arudi kesho. Jalada la dereva lipelekwe tena kwa waendesha mashtaka wakiwa na cheti cha kifo mezani, waamue wao kama bado kuna la kufanya. Wakisema hakuna, watuambie kwa maandishi. Kisha askari mmoja, mmoja tu, kila mwisho wa mwezi aende hospitali na mochwari na orodha ya majeruhi wenu, aulize nani kati yao amefariki. Na taarifa yako ya mwaka uirudie. Itisha waandishi wale wale, kwenye ukumbi ule ule, usome hesabu mpya ukiwa umewaweka waliofia wodini, mtaa kwa mtaa, ili yule bwana wa barabara akipitisha kidole chake aone kitu pale sokoni. Hesabu ikipanda, usiogope. Mimi nitakuwapo ukumbini, na nitakuwa wa kwanza kupiga makofi.

Kuhusu ule wasia wako kwa waenda kwa miguu wavuke kwenye vivuko vilivyowekwa: tunaomba utuoneshe vilipo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa hisabati, shule ya sekondari ya kata

Nakala: Mkuu wa Mkoa, kwa taarifa.
Nakala: Mhandisi wa barabara mwenye orodha ya maeneo hatarishi, ili aongeze mstari mmoja.
Nakala: Wifi yangu, aambatanishe kwenye madai ya bima.