Uzito Usio na Mwenyewe

Toleo hili, mpenzi msomaji, tumelitenga kwa ajili ya kitu ambacho hapana mwanadamu aliyepata kukiona wala kukigusa, na ambacho hata hivyo wanafalaki wa dunia nzima hukitia katika hisabu zao kila siku kana kwamba wamekwisha kukiweka mezani. Wanasema kwamba katika kila mafungu sita ya maada iliyomo ulimwenguni, fungu moja tu, au pungufu kidogo, ndilo lililofanyika kwa vitu tuvijuavyo, yaani nyota, mawe, maji, hewa na miili yetu. Na matano yaliyosalia ni maada ya giza, isiyotoa nuru, wala kuizuia, wala kuirudisha.

Twatambua kwamba madai ya namna hii huzua wasomaji wa aina mbili. Yuko asemaye kwamba wataalamu wameshindwa na hisabu zao, wakabuni kitu cha kuzibia pengo. Na yuko afurahiye mno, akadhani kwamba elimu imekiri hatimaye mambo ya ghaibu. Kwa wote wawili tunayo hoja moja, nayo ni kwamba kuwapo kwa kitu na hakika ya kitu hicho ni masuala mawili, na la kwanza laweza kuthibitika zamani kabla ya la pili kujulikana. Nahodha aonaye mawimbi yakivunjika katikati ya bahari tulivu hangoji kujua kama chini yake mna mwamba au mna jahazi lililozama. Hugeuza usukani kwanza, na swali la pili akawaachia wazamiaji.

Mwaka 1933, Fritz Zwicky, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi huko California, alichunguza kundi la galaksi liitwalo Coma, ambalo nuru yake hutufikia baada ya safari ya miaka zaidi ya milioni 300, akakuta galaksi zake zikienda mbio kiasi kwamba, lau uzito wa kundi ungalikuwa ule tu wa nyota zionekanazo, zingalikwisha kutawanyika zamani za kale. Akasema kwamba pana uzito mwingine uliofichika unaozishika. Kauli hiyo haikupata wasikilizaji wengi kwa muda wa miaka arobaini hivi, na sisi hatushangai sana, kwa kuwa msemaji wake alikuwa mkali wa ulimi, na wataalamu nao ni wanadamu.

Hapa pana sehemu ya hadithi ambayo wasomaji wetu wa pwani wana haki ya kuidai. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimikwa baharini upande wa Malindi, kilirushwa chombo cha Marekani, cha kwanza kuwekwa angani mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni, nacho kikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi iliyokipokea. Chombo hicho kilionyesha kwamba kundi lile lile la Coma, pamoja na mengine kadhaa, limejaa gesi yenye joto la digrii mamilioni kwa makumi, iliyotandaa katika nafasi tulizozidhani tupu baina ya galaksi. Waliomshuku Zwicky wangaliweza kushangilia kwamba uzito uliokosekana ndio huo umepatikana. Na kweli gesi hiyo ina uzito kupita nyota zote za kundi mara kadhaa. Walakini haikutosha, na juu ya kutotosha iliongeza deni, kwani gesi yenye joto la kadiri hiyo haikai mahali pamoja ila ishikwe, na nyota pamoja na gesi yenyewe hazina nguvu ya uvutano ya kuishika.

Mwaka huo huo wanafalaki Vera Rubin na Kent Ford walitangaza vipimo vyao vya galaksi ya Andromeda. Katika jamii ya Jua letu, Utaridi aliye karibu huenda kilometa 47 kwa sekunde, na Neptuni aliye pembeni kabisa huenda kilometa 5 tu; ilhali katika Andromeda, na baadaye katika galaksi nyingi nyinginezo, vilivyo pembeni vilikutwa vikienda kwa kasi karibu sawa na vilivyo ndani, kana kwamba huko pembeni nako pana uzito usioonekana unaovishika.

Je, haiwezekani kwamba kosa limo katika kanuni yenyewe ya uvutano? Swali hili si la kubezwa, maana tarehe ya falaki ina shahada za pande zote mbili. Mwaka 1846 Le Verrier, Mfaransa, kwa kuona Uranusi akipotoka njia yake, alikokotoa mahali pa sayari isiyojulikana, na huko Berlin Galle akaiona Neptuni karibu na mahali hapo usiku ule ule alioanza kuitafuta. Bwana huyo huyo alipoona Utaridi naye akipotoka, alidai sayari nyingine karibu na Jua, akaipa jina la Vulcan. Ikatafutwa kwa miaka mingi isipatikane, hata mwaka 1915 Einstein alipobainisha kwamba lililokuwa na upungufu ni kanuni ya Newton. Kwa hiyo Milgrom wa Israeli, aliyependekeza mwaka 1983 kanuni irekebishwe, hakusema upuuzi, na kanuni yake inatabiri mizunguko ya galaksi nyingi kwa usahihi ambao wapinzani wake hawajaueleza kwa namna ya kuturidhisha sote. Lakini katika makundi makubwa kama Coma haikidhi haja, bado huhitaji maada isiyoonekana. Na katika kundi liitwalo Risasi, ambamo makundi mawili yamepita moja ndani ya jingine, uchunguzi wa mwaka 2006 ulionyesha gesi imekwama katikati, ilhali uzito mkubwa, upimwao kwa jinsi unavyoipinda nuru ya galaksi za nyuma yake, uko kando huku na huku. Sisi tunaelemea upande wa Zwicky.

Ni kitu gani basi? Chembe ziitwazo nyutrino ni nyepesi mno na zina mbio mno. Nyota zilizozimika zilitafutwa mbele ya Mawingu ya Magellan, galaksi ndogo zilizo jirani nasi, zisitoshe. Chembe nzito zisizojali nuru zinangojewa chini ya mlima Gran Sasso huko Italia, na katika mgodi wa dhahabu wa zamani wa South Dakota, penye kina cha kilometa moja na nusu hivi, ndani ya tangi la zenoni ya majimaji yapata tani 10. Wengine huwania aksioni, chembe nyepesi kupita kiasi, na wengine mashimo meusi yaliyozaliwa pamoja na ulimwengu. Waandishi wetu wametofautiana, nasi hatukujaribu kuwapatanisha. Twakuomba tu, umsomapo kila mmoja, umwulize ni kipimo gani kingemfanya aiache rai yake. Kwani hata toleo hili linapokwenda mtamboni, hapana tangi wala darubini iliyokwisha kuikamata chembe hata moja ya maada hiyo kwa ushahidi uliokubaliwa na wote.