Uchambuzi: Meli "imefika" Dar es Salaam, lakini siku za mzigo wa Burundi zinahesabiwa kuanzia wapi?

Mfanyabiashara wa Muyinga anayesubiri mchele, vifaa vya ujenzi au vipuri vya magari kutoka ng'ambo huwa na swali moja kwa wakala wake wa forodha: mzigo umefikia wapi? Jibu la kawaida ni kwamba meli imefika. Ndani ya neno hilo mna mambo matatu yasiyofanana. Huenda meli imetia nanga nje ya bandari ya Dar es Salaam, inangoja zamu. Huenda imefunga gatini. Huenda imekwisha kushusha makontena na kuondoka. Sisi tunaotafsiri taarifa za bandari twakutana na neno hilo kila mara. Kiswahili, lugha iliyokulia ufukweni, kina msamiati wa kutosha wa kuyatenganisha hayo. Ni mazoea tu yanayotufanya tuandike "kutia nanga" hata kwa meli ambayo tayari imefungwa kamba gatini.

Kwa anayebuni hifadhidata ya bandari, yaani majedwali ya taarifa yanayoungana, tofauti hiyo si suala la lugha tu. Kati ya nanga na gati mna siku, na siku hizo zina mlipaji.

Tuanze na meli yenyewe. Kila meli kubwa ya biashara ina namba ya IMO yenye tarakimu saba, isiyobadilika hata meli ikiuzwa, ikipewa jina jipya au ikipeperusha bendera ya nchi nyingine. Hiyo ndiyo inayofaa kuwa ufunguo wa jedwali la meli. Tarehe ya kufika, hata hivyo, haipaswi kukaa humo, kwa kuwa meli hiyo hiyo itarudi tena na safari mpya itafuta kumbukumbu za safari iliyopita. Panahitajika jedwali la pili, la ziara za meli, na la tatu, la gati, lenye urefu wake na kina chake cha maji. Ziara na gati huunganishwa na jedwali la nne linaloonyesha saa ya kufunga na saa ya kufungua kamba, maana meli moja yaweza kuhamishwa gati katika ziara ile ile. Hapo mfumo utakataa kuweka meli mbili mahali pamoja kwa saa zile zile, au kuipeleka meli nzito kwenye maji yasiyoitosha.

Hadi hapo, kazi ni ya bandari. Ugumu unaoihusu Burundi unaanza pale taarifa zinapotoka mikononi mwa mtu mmoja. Oktoba 2023, Tanzania ilitia saini mkataba wa miaka 30 na DP World ya Dubai kuhusu gati 0 hadi 7. Mwaka uliofuata, Adani Ports ya India ilipata nafasi yake katika gati 8 hadi 11. Bandari ni moja, waendeshaji ni zaidi ya mmoja. Juu yao ipo mamlaka ya bandari, ipo forodha ya Tanzania, na upande wetu ipo Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, inayotumia Sydonia, programu ya forodha iliyobuniwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD. Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2014, inataka wote hao wasomeane.

Wasomeane kwa namba ipi? Wengi watajibu: namba ya kontena. Ina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia ili kunasa kosa la mwandishi. Ni namba nzuri, lakini haitoshi. Kontena ni chombo cha kuazima. Laweza kubeba saruji leo na nguo mwezi ujao. Tena waagizaji wengi wa nchi zisizo na bahari huogopa dhamana inayotozwa na kampuni za meli hadi kontena tupu lirudishwe, hivyo hulifungulia Dar es Salaam na kuhamishia mzigo kwenye malori. Hapo namba ya kontena inafia bandarini. Kinachofika mpakani Kobero, baada ya zaidi ya kilomita 1,200 za barabara, ni magunia yenye namba ya lori. Mzigo wa kontena moja waweza kugawanywa kwenye malori mawili, nalo lori moja laweza kubeba mizigo ya watu watatu.

Bila jedwali la kuunganisha hati ya shehena, kontena na lori, afisa wa Kobero hawezi kujua siku kumi na mbili zilipotelea baharini, gatini, ghalani au njiani. Mwenye mali hulipa tozo zote pamoja bila kuuliza. Kisha bei hupanda sokoni Muyinga na Gitega, na lawama humwendea dereva, kwa kuwa ndiye pekee anayeonekana.

Haifai kuitarajia hifadhidata ifanye miujiza. Sehemu ya ucheleweshaji ni yetu wenyewe: mzigo uliofunguliwa bandarini mapema waweza kusubiri kwa sababu mwenyewe hajapata fedha za kigeni, au lori halijapata mafuta. Jedwali la matukio halina uzalendo. Litayaandika hayo pia kwa saa na tarehe.

Suala hili lina uharaka kwa wanaopanga mambo huko Gitega. Januari 2025, Burundi na Tanzania zilitia saini mkataba na kampuni za Kichina wa kujenga reli kutoka Uvinza hadi Musongati, na mpango ni kuifikisha Gitega. Reli hiyo italeta jedwali jingine, la mabehewa, na mwendeshaji mwingine mwenye programu yake. Vikao vya reli huzungumzia zaidi madaraja, mikopo na madini ya nikeli. Kipengele kinachoipa OBR haki ya kusoma saa ya kufunga gati, saa ya kushusha na saa ya kupakia behewa, kwa namba moja ya shehena, chaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja, na ni rahisi kukipata kabla treni ya kwanza haijaanza safari kuliko baadaye.