Karatasi ya ndege kumi

Wanaofuata kipindi chetu wanajua kwamba safu hii ndipo ninapomwaga yale yaliyokosa nafasi kwenye maikrofoni. Wiki hii ni ndege. Msicheke kwanza.

Binti yangu ana miaka saba, na shule anayosoma hapa Guangzhou inafuata mtaala wa Uingereza. Mwezi wa tatu alirudi na karatasi ya picha kumi, kichwa chake "Ndege wa bustani yako". Juu kabisa robini na kifua chake chekundu, yule wa kadi za Krismasi. Chini yake shomoro, kale kadogo kenye kofia ya buluu, yule mweusi mwenye mdomo wa njano, njiwa, na wenzao. Kazi ya nyumbani: kaa saa moja nzima, weka tiki kwa kila uliyemwona.

Ijumaa jioni akakaa barazani, ghorofa ya nne, penseli mkononi, kimya kabisa (jambo la nadra). Aliporudi ndani karatasi ilikuwa na tiki moja tu. Robini.

"Umemwona robini?"

"Hapana. Lakini nikirudisha tupu watasema sikufanya." Halafu akaongeza, bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja bei ya mkate: "Sisi hatuna ndege. Ndege wako Uingereza."

Na wakati anasema hivyo, nje kwenye miti ya magorofa yetu kulikuwa na kelele ambayo hata mashine ya kufulia haikuweza kuifunika.

Karatasi ile naijua vizuri. Mimi nimekulia Reading, na shirika la RSPB limekuwa likiwaomba Waingereza wahesabu ndege wa bustani zao tangu 1979, wikendi ya mwisho wa Januari, saa moja tu. Unaandika idadi kubwa zaidi ya aina moja uliyoiona kwa mpigo, ili usimhesabu shomoro mmoja mara sita. Kanuni nzuri. Shuleni kwetu ilikuwa ibada. Kufika miaka minane nilikuwa namtaja kila ndege wa ua wetu kwa Kiingereza safi, na nilikuwa najivunia hilo kuliko hesabu.

Sasa nitasema jambo ambalo kwenye kipindi sijawahi kulisema. Mwaka ule ule, Mama alikuja shuleni kuangalia kazi zetu ukutani. Mama ni mtu wa Tanga. Akaona mchoro wangu wa ndege wa kijivu mwenye mstari mweusi nyuma ya shingo, uso wote ukamkunjuka, akamwambia mwalimu kwa Kiingereza chake kwamba huyu ni tetere, wako kwao tele, wanalia vile vile. Nami nikamkata. Mbele ya mwalimu. Nikasema hapana, huyo ni ndege wa hapa, kwenu hayupo. Mwalimu akacheka kidogo, kwa upole. Mama akasema "Sawa", na sikumbuki kama alitaja tena ndege yeyote mbele yangu hadi nilipokuwa mtu mzima.

Basi Jumamosi tuliamka. Nilimwambia binti yangu tunafanya upya, na safari hii karatasi tunaigeuza, tunaandika upande wa nyuma. Saa moja asubuhi ya Guangzhou ni saa tano usiku Uingereza, na Mama halali mapema, kwa hiyo tukampigia kwa WeChat na kumwegemeza kwenye chungu cha mshubiri.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Haya, nionyeshe hao ndege ambao hamna."

Wa kwanza tulimsikia kabla ya kumwona, na aliyeanza kucheka ni Mama. Mlio wa haraka, wa kubembea, kama mtu anayesema maneno matano na kuyameza mawili. "Shore!" akasema. "Huyo si shore huyo? Mwizi wa mapapai." Nikaelekeza simu. Kwenye mti alikuwa ndege wa ukubwa wa kiganja, kishungi cheusi kimesimama wima kama amechana nywele kwa hasira, shavu jeupe lenye doa jekundu, na wekundu mwingine chini ya mkia. Si shore wa Tanga. Yule ni wa kahawia, kichwa cheusi, chini ya mkia njano au nyeupe kutegemea uko wapi. Lakini ni jenasi moja, Pycnonotus. Mama, ambaye hajawahi kukanyaga China, alimtambua kwa sauti kabla ya mimi mwenye darubini.

Guangzhou ina mashore watatu wa kawaida, na ukiwajua hao umeshajua nusu ya bustani. Huyo wa kishungi, Wakantoni wanamwita gou gai gun, yaani mwenye kishungi kirefu. Wa pili ana kiraka cheupe kisogoni na mabawa ya kijani-njano; Wachina wanamwita baitouweng, mzee wa kichwa cheupe. Wa tatu ana kofia nyeusi isiyosimama sana na kiuno cheupe anaporuka. Usihangaike na rangi ya mwili, wote ni kijivu-kahawia. Angalia kichwa na chini ya mkia, basi.

Hapo ndipo nilipoona kitu. Majina niliyofundishwa Uingereza yanamtaja ndege mmoja wa mahali pamoja. Ukihama, jina linabaki nyuma. Majina ya Mama yanataja ukoo. Shore, tetere, kwezi, shomoro: ukilibeba jina hilo hadi kusini mwa China linakuta jamaa zake wako barazani wanakusubiri. Binti yangu alitoka bure na karatasi ya Kiingereza kwa sababu alikuwa anatafuta watu kumi kwa sura. Bibi yake alikuwa anatafuta koo.

Tuendelee. Shomoro ni tiki halali, lakini kwa masharti. Wa karatasini ni shomoro wa majumbani, yule ambaye dume lake lina utosi wa kijivu, na ndiye pia aliyefika Zanzibar na Mombasa na kuzoea masoko yetu. Wa Guangzhou ana utosi wa rangi ya chokoleti na doa jeusi katikati ya shavu jeupe, na dume na jike wanafanana kabisa. Uingereza huyu wa pili yupo, ila amepungua vibaya sana tangu miaka ya 1970, mimi sikuwahi kumwona Reading. Hapa anaokota makombo mbele ya duka la tambi. Nilimweleza binti yangu kwamba 1958 serikali iliwatangazia vita mashomoro nchi nzima, watu wakapiga sufuria na ngoma ili wasipate pa kutua hadi waanguke kwa uchovu, halafu wadudu wakazidi mashambani, na 1960 shomoro akaondolewa kwenye orodha ya maadui, kunguni akachukua nafasi yake. Akauliza kama kunguni naye alipigiwa sufuria. Sikuwa na jibu.

Yule mweusi mwenye mdomo wa njano naye yupo, anakimbia kwenye majani, anasimama, anakimbia tena. Zamani wataalamu walimhesabu kuwa ni yule yule wa Uingereza. Siku hizi wa China amepewa spishi yake. Nilimwambia binti yangu aweke tiki, na mtu akibisha aje kwangu.

Robini ndiye aliyetupa shida. Juu ya nguzo ya taa alikuwapo ndege mweusi na mweupe, mkia umesimama, anaimba kama amelipwa. Jina lake la Kiingereza lina neno robini ndani yake, na kwa kweli wote wawili wako familia moja, ile ya washika-nzi. Huyu ni ndege wa taifa wa Bangladesh. Lakini kifua chekundu hana. Binti yangu aliniangalia kwa macho ya matumaini. Nikamuuliza Mama.

"Huyo simjui," akasema Mama. "Usinisingizie."

Kwa hiyo tiki ya robini tuliifuta. Ilimuuma, lakini alifuta mwenyewe.

Kwenye msufi mwekundu ulio karibu na geti, ambao mwezi wa tatu hauna jani hata moja bali maua tupu, kulikuwa na karamu. Ukiishi mji huu na una subira ya kusimama mahali pamoja tu kwa mwaka, simama chini ya msufi unapochanua. Ndilo ua la mji, na ndege wote wanakuja kunywa. Kulikuwa na kwezi wakubwa weupe wenye kola nyeusi, wapiga makelele wa ajabu. Kulikuwa na vindege vya kijani vyenye duara jeupe kuzunguka jicho, vinanin'ginia kichwa chini. Hivyo Wakantoni wanaviita kwa neno lenye maana ya kumtamani umpendaye aliye mbali, na bado wanavifungia kwenye matundu. Wazee wa mtaani wanatundika matundu mitini asubuhi ili ndege waimbiane. Sijawahi kulizoea hilo, ila napita kimya.

Kisha kutoka kwenye vichaka vya mfereji nyuma ya ukuta ikaja sauti nzito, ya chini, ikishuka: du-du-du-du-du. Mama akanyamaza. "Dudumizi," akasema. "Anueni nguo, mvua hiyo." Tulianua. Saa nne mvua ikanyesha. Ni kweli pia kwamba Guangzhou mwishoni mwa mwezi wa tatu mvua hainyeshi kwa ajili ya ndege, lakini binti yangu sasa haamini utabiri mwingine wowote.

Wa mwisho alitua kwenye ukingo wa baraza, hatua tatu kutoka kwenye simu. Rangi ya waridi iliyofifia, na shingoni kiraka cheusi chenye nukta nyeupe, kama ametupia kanga. Binti yangu akanong'ona, "Bibi, huyu nani?"

"Tetere, mwanangu. Wa huko amevaa vizuri kuliko wa huku."

Hapo ikabidi niseme, maana nilikuwa nimelitafuta usiku wa Ijumaa baada ya mtoto kulala. Yule ndege wa mchoro wangu si wa Uingereza wa zamani. Alianzia upande wa Asia, akapita Uturuki na nchi za Balkani, akasambaa Ulaya nzima ndani ya miongo michache tu, na mara ya kwanza kutaga Uingereza ilikuwa Norfolk, 1955. Ni jenasi moja na tetere wa Tanga, na mtu akiwaweka wawili hao kwenye waya mmoja, mimi leo na darubini yangu ningesita. Kola ile ile. Mlio wa vipande vitatu vile vile.

"Mama, yule kweli alikuwa tetere. Mwaka ule, shuleni."

"Najua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana kujua," akasema. Halafu akauliza kama shomoro wa tambi tumeshamwandika.

Karatasi ilirudi shuleni Jumatatu, upande wa mbele tiki tatu, upande wa nyuma majina kumi na moja kwa Kiswahili, Kichina na Kiingereza, mengine yameandikwa vibaya kwa lugha zote tatu. Ilirudishwa na nyota moja na swali: dudumizi ni nini? Binti yangu amejitolea kulia kama dudumizi mbele ya darasa.

Bado tuna mmoja hatujamwandika. Ni kandege kadogo kuliko kidole gumba changu, kanajificha kwenye maua ya bogenvilia na kulia kwa sauti isiyolingana kabisa na mwili wake, na kila tukisogea kanahama tawi. Mama amekasikiliza mara mbili kwenye rekodi na kusema simu yetu mbovu. Jumamosi hii, saa moja, tunajaribu tena.