Gari Lililofichiwa Ajali: Kulirudisha au Kubaki Nalo?



Ndugu wasomaji, mwezi huu tumeazimia kulizungumza jambo ambalo aghalabu husemwa kwa kunong'ona nje ya msikiti baada ya sala, mtu akiwa na funguo mkononi na haya usoni. Amenunua gari lililokwisha kutumika, kisha amekuja kugundua kwamba liliwahi kupata ajali kubwa, na aliyemuuzia hakumwambia neno. Afanye nini? Alirudishe, au avumilie abaki nalo?

Swali hili si dogo kwetu sisi tulio ugenini. Hapa Durban, kwa familia nyingi za Point, Albert Park na Overport, fedha ya gari haitoki benki. Hutoka katika upatu wa akina mama, katika zamu za usiku, na katika sarafu za kulinda magari ya watu wengine mbele ya maduka. Gari hilo ndilo lipelekalo watoto skuli na madrasa, ndilo lichukualo bidhaa sokoni, na ndilo liwashwalo saa nane za usiku mgonjwa anapozidiwa. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wiki za mwanzo nyumba nzima hufurahi, na hapana apendaye kuambiwa habari ya kidonda. Ndipo fundi anapoliinua kwa jeki kwa kazi ndogo tu ya breki, akachungulia chini, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Hili liligongwa lini?"

Yafaa kwanza tufahamu jinsi gari la namna hiyo linavyofika sokoni. Kampuni ya bima ikiona kwamba gharama ya kulitengeneza gari lililogongwa ni kubwa mno ikilinganishwa na thamani yake, humlipa mwenyewe na kulichukua gari, na mengi ya magari hayo huuzwa mnadani. Katika daftari la serikali gari jipya hupewa msimbo wa 1, lililotumika msimbo wa 2, lililoundwa upya msimbo wa 3, lisilofaa tena kutembea ila kutolewa spea ni 3A, na lililoangamizwa kabisa ni 4. Tatizo ni kwamba gari lililoachwa na bima laweza kubaki na msimbo wa 2, likanyooshwa bodi kwa gharama ndogo, likapigwa rangi, na kuuzwa kana kwamba halijaguswa. Cheti cha usajili hakitasema lolote. Wala cheti cha kufaa barabarani hakisimulii historia. Hicho hutazama breki, taa, matairi na usukani kama vilivyo siku ya ukaguzi. Tusiyasahau na maji pia: mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua watu zaidi ya 400 katika jimbo hili letu, yalizamisha magari mengi, na gari lililolala majini hukaushwa na kuuzwa kama lililogongwa linavyopakwa rangi.

Mwaka 2023 jumuiya ya makampuni ya bima ya Afrika Kusini, SAIA, iliwafungulia wananchi daftari la magari yaliyoachwa na bima, na mtu huweza kulitafuta gari kwa nambari ya chasisi. Ni msaada mkubwa, na kila mnunuzi na autumie kabla hajatoa fedha. Hata hivyo gari kutoonekana humo si ushahidi wa usalama wake, kwani magari mengi ya nchi hii hayana bima, na ajali ambayo haikudaiwa bima haikuandikwa humo.

Sasa tumwendee aliyekwisha kununua. Jambo la kwanza analopaswa kulihesabu ni wakati. Sheria ya dini yetu imeipa hali yake jina: khiyari ya kasoro. Kasoro, kwa wanavyuoni wa Kishafii, ni kila kinachokipunguza kitu au thamani yake hata likakosekana lengo sahihi la mnunuzi, ikiwa desturi ya vitu vya aina ile ni kuwa salama na upungufu huo. Gari lililokunjika likanyooshwa kwa siri limo ndani ya maana hiyo. Mnunuzi ana khiyari ya kulirudisha na kupewa fedha yake, au kuridhika nalo kwa bei ileile. Wanavyuoni wa Kihanbali wamempa na mlango wa kubaki nacho kitu na kudai fidia ya upungufu.

Lakini katika madhehebu ya Kishafii, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo pwani na visiwani, kurudisha ni kwa haraka. Aliyejua usiku hungoja asubuhi. Aliyejua akiwa katika sala au chakula humaliza kwanza. Anayekaa wiki mbili akiliendesha gari huku akisema "nitafikiri" huhesabiwa kuwa amekwisha kuridhika. Wanavyuoni wa kale walitoa mfano wa mnyama wa kupandwa: mnunuzi aliyeendelea kumtumia baada ya kuijua kasoro yake ameiangusha khiyari yake, isipokuwa mnyama akiwa mkaidi asiyeweza kurudishwa ila kwa kupandwa. Weka gari mahali pa mnyama, na hukumu inaeleweka. Ndugu zetu wa madhehebu ya Kihanafi, ambao ni wengi katika misikiti ya mji huu, wana nafasi pana zaidi, maadamu mnunuzi hajafanya tendo la kuonyesha ridhaa. Mwenye shaka na amwendee shehe wake, na amwendee mapema.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hayo. Anayenunua kwa mfanyabiashara wa magari analindwa na Sheria ya Kumlinda Mlaji, namba 68 ya 2008, iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2011. Ndani ya miezi 6 tangu kukabidhiwa, kitu chenye kasoro huweza kurudishwa kwa gharama ya muuzaji, na mnunuzi ndiye anayechagua kitengenezwe, kibadilishwe, au arudishiwe fedha. Haidhuru kasoro iwe ya wazi au ya ndani. Ulinzi huo huondoka pale muuzaji alipoieleza waziwazi hali ya gari na mnunuzi akaikubali waziwazi. Kwa hiyo soma tena karatasi uliyoitia saini, na kama hukuielewa lugha yake, mtafute wa kukusomea. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa muuzaji mwenyewe, kwa maandishi, na nakala ibaki nyumbani. Akikataa, yupo msuluhishi wa sekta ya magari, anayejulikana kwa jina la MIOSA, ambaye kazi yake imetambuliwa chini ya sheria hiyo.

Aliyenunua kwa mtu binafsi asiyefanya biashara ya magari hana ulinzi huo. Aghalabu atakuta katika mkataba wake neno la Kiafrikana, voetstoots, yaani kitu kimeuzwa kama kilivyo. Wengi wetu wakiliona neno hilo hukata tamaa. Wasikate. Mahakama za nchi hii zimeshikilia kwamba neno hilo halimkingi muuzaji aliyeijua kasoro ya ndani akaificha kwa kusudi. Mzigo ni wa mnunuzi kuthibitisha kwamba muuzaji alijua na alificha, na ndiyo maana risiti, picha, ujumbe wa simu na maelezo ya fundi kwa maandishi ni mali. Wahenga walisema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Akithibitisha, huweza kudai kulirudisha gari au kupunguziwa bei. Dai dogo hupelekwa mahakama ya madai madogo, ambako mtu hujisemea bila ya wakili. Kikomo chake kilipandishwa mwaka 2019 hadi randi 20,000. Tuseme gari lilinunuliwa kwa randi 80,000, na mkaguzi amesema thamani yake ya kweli ni 55,000. Tofauti ni 25,000. Mdai huweza kuziachilia 5,000 ili dai lake liingie katika mahakama hiyo, badala ya kufuata njia ndefu ya mawakili.

Hayo ni ya haki. Linabaki la akili: je, gari lenyewe linafaa kubaki nalo? Hapa tunawashauri wasomaji wapambanue baina ya ngozi na mifupa. Ngozi ya gari ni bampa, boneti, milango na rangi. Gari lililoumia ngozi tu, likatengenezwa vizuri, huweza kuihudumia nyumba miaka mingi, na la kudai hapo ni tofauti ya bei. Mifupa ni chasisi, nguzo zinazobeba paa, sehemu zinazoshika magurudumu, pamoja na mikanda na mifuko ya hewa. Mifupa ikivunjika na kuchomelewa ovyo, gari halitawakunjikia abiria kama lilivyoundwa siku litakapogongwa tena. Mfuko wa hewa uliokwisha kufumka na usibadilishwe ni kitambaa kitupu, na wapo mafundi wanaoikata taa yake ya onyo ili isiwake. Washa swichi uitazame: taa hiyo yapasa iwake, kisha izimike. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini. Na katika mji huu wa bahari hewa ya chumvi haisamehe. Penye kiungo kilichochomelewa bila ya kukingwa kutu, kutu huanza ndani, pasipoonekana.

Ukaguzi huu asifanye rafiki wa muuzaji wala aliyelileta gari. Mlipe mkaguzi asiye na maslahi, na akuandikie. Akisema mifupa imepinda, ushauri wetu hauna pembe mbili: usibaki nalo kwa punguzo lolote. Punguzo la randi 20,000 halimlindi mtoto aliyekaa kiti cha nyuma siku breki za lori zinapokataa katika mteremko wa Field's Hill. Akisema ni ngozi tu, na wewe umeridhika na bei, kaa nalo kwa amani, lakini iarifu bima yako, kwani dai huweza kukataliwa kwa jambo ambalo mteja alilijua asiliseme.

Tumefika mahali pazito zaidi. Aliyekuwa amedhulumiwa jana, leo anajua. Ameijua siri, na gari liko mikononi mwake. Shetani humjia kwa njia nyepesi sana: lipige rangi tena, liuze kwa mgeni aliyefika juzi, rudisha fedha yako, funga mdomo. Hivyo ndivyo gari moja linavyopita katika nyumba tano, na kila nyumba ikamlaani iliyotangulia na kumrithisha inayofuata. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta unyevu chini yake. Mwenye nafaka akasingizia mvua, naye akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu juu watu wakauona, kisha akamtenga mwenye kughushi na walio wake. Mvua ilikuwa ya kweli, na haikumwokoa. Nasi pia: kweli kwamba tulidanganywa haituhalalishii kudanganya. Atakayeliuza gari hilo na aseme, aandike katika hati ya mauzo lilipoumia, na apokee bei ya kitu kama kilivyo.

Wala jukumu si la muuzaji peke yake. Wanavyuoni wamesema kwamba mtu wa kando aijuaye kasoro naye yampasa kumweleza mnunuzi. Basi dalali wetu, fundi wetu, na kijana wetu afanyaye kazi katika yadi za magari wamo ndani ya hukumu hii. Tunawataja hawa wa yadi kwa makusudi. Bandari ya Durban hupitisha magari yaliyotumika kutoka Japani kwenda Zambia, Malawi, Zimbabwe na Kongo, na ndugu zetu wengi huyauza na huyaosha. Gari la namna hiyo kwa kawaida halisajiliwi hapa, na likishavuka Beitbridge kulirudisha ni kazi ngumu mno. Mnunuzi wa Lubumbashi hana wa kumtegemea ila kijana huyo. Karatasi ya mnada wa Japani huandika daraja la gari, na alama ya R au RA juu yake ni dalili kwamba gari liliwahi kutengenezwa baada ya kuumia. Anayeitupa karatasi hiyo ameshiriki.

Na ikiwa aliyekuuzia ni mmoja wetu? Usianze na matusi mbele ya watu, wala usianze na kunyamaza kwa kuona haya. Mwendee siku ileile uliyojua, ukiwa na karatasi ya mkaguzi na mzee mmoja mnayemheshimu nyote wawili. Huenda naye alifichwa. Mpe nafasi ya kulirudisha gari kwa heshima, na mkisuluhishana, andikeni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atulinde barabarani, na azitakase chumo zetu. Wabillahi tawfiq.